Raba Niliyokuchagulia

Kakamega mjini,
Jumatano, mvua ikinyesha.

Kwako mdogo wangu Wanjala,

Mulembe, mwana wa mama. Habari ya kukaa huko? Mgongo wako unaendelea aje na hiyo sakafu ya simiti, na kile kikohozi bibi yako Navalayo alikuacha nacho mara ya mwisho, kimetoka ama bado kinajiona mwenye nyumba? Sisi huku tuko, tunapumua. Bibi yangu Beldina anakusalimia sana, na anauliza kama ile sweta ya kijani ilikufikia wewe ama ilimfikia mtu mwingine akashukuru Mungu. Ng'ombe wako amezaa ndume. Ina kichwa kubwa na haisikii mtu, kwa hivyo tumeipatia jina lako. Mvua ya hapa ni ile ile, inaripoti kazini kila siku saa tisa, hakuna karani wa serikali anaishinda.

Usishtuke kuona barua. Mwandiko ni wangu mwenyewe, hakuna mtu amenishikia kalamu. Unajua mimi sikukanyaga darasa nikiwa mtoto, lakini ile shule ya gumbaru ya wazee kule Mukumu nilienda miezi minne nikamaliza herufi zote, mpaka mwalimu akasema hajawahi kuona mzee kama mimi. Nafikiri alikuwa ananisifu. Kama herufi zangu zimelala, zisome tu zikiwa zimelala, kama miwa yenye imepigwa na mvua ya mawe.

Nimekuja kukuona hapo rumande mara mbili, na mara zote mbili nilikuja na maneno tayari kwa mdomo. Mara ya kwanza nikafika kwa hiyo dirisha yenu, nikaona uso wako, nikakuambia umenona kuliko hakimu. Mara ya pili nikakupigia hadithi ya pasta na tangi. Ulicheka mpaka machozi, na watu kwa foleni wakacheka. Mimi nikatoka nje, nikaenda nyuma ya ule ukuta, nikatapika chai yote ya asubuhi. Hilo sikukuambia. Mdomo yangu ikiona mtu inafanya mzaha yenyewe, hainiulizi. Ndiyo maana nimekaa na karatasi, kwa sababu karatasi hainichekei.

Sasa sikia. Navalayo alipita hapa Jumapili akitoka kanisani. Aliketi kwa ile stuli ya wateja, siku hizi iko nyumbani, akakataa chai, akaniambia Jumanne ijayo kesi ikitajwa unataka kusimama mbele ya hakimu ukubali makosa. Alisema umemwambia umechoka kubishana na moyo wako, ati ni mkono wako ulikaza zile bolti za boila, na ni mkono wako ulimuua mwenzako Chrispinus. Aliniomba kama mkubwa wako nikuongeleshe. Wanjala, usikubali kitu chochote kabla hujamaliza hii barua. Soma yote mpaka chini penye nimeandika jina. Kama unaisoma ukiwa umesimama, keti.

Wewe unanijua, lakini wacha nijisifu kidogo, maana hii ni mara ya mwisho nitajisifu juu ya hii kazi. Kutoka Mautuma mpaka Khwisero hakuna mtu alikuwa anachagua raba ya kuziba kunishinda. Hakuna. Watu wa viwanda walikuwa wanaacha magari yao makubwa hapo barabarani, wanakuja kupiga magoti kwa kibanda ya mabati. Mama akitaka raba ya friji, namuuliza kama mlango unafunguka kushoto ama kulia, namkatia ile laini yenye sumaku ndani. Mtu wa dirisha namuuliza jua linampiga upande gani, kwa sababu kuna raba jua ikiigusa mwaka mmoja inapasuka kama kisigino ya mkulima. Mwenye mlango wa lori namkatia ile yenye imekaa kama herufi D, yenye tumbo wazi ndani, ndiyo ikifinywa inajaza. Kila mtu na raba yake. Unauliza kwanza inaenda kukutana na nini: moto, mafuta, maji ama jua. Halafu unafinya, unauma kidogo na meno ya nyuma, unachoma ncha na kiberiti, unanusa. Hapo imeisha.

Ile tangi ya kanisa ilivuja miaka sita. Nikaiwekea raba ya mfuniko, ikashika mpaka siku ya ubatizo wazee wanne walishindwa kuifungua, pasta akabatiza watu na jerikeni. Na yule dereva alikuja na kipande ya raba ya mlango, nikaitafuna, nikamwambia gari yako imebeba samaki ya omena miaka mitatu, na bibi yako hajui njia yenye unapitia. Alikimbia akasahau raba. Hizo zote ni za ukweli, ile ya dereva nimeongeza chumvi kidogo tu.

Na unajua vile nilikuwa naweka mali yangu. Wenzangu wa raba wanaandikanga kwa chokaa juu ya kila roli ya raba iliyoviringishwa: hii ya mafuta, hii ya mvuke, hii ya maji. Mimi sikuwahi. Roli zangu zilikuwa zinaning'inia kwa misumari kama nyoka zimekauka, nyeusi kwa nyeusi, na mteja akiniuliza najuaje ni gani, nilikuwa nagusa pua yangu tu. Watu walikuwa wanapenda hiyo. Walikuwa wanaleta wageni waje waone.

Basi ukaja wewe, ile Alhamisi ya mwezi wa pili. Ulikuwa umevaa ile ovaroli ya Weldon yenye imepasuka bega, na ulikuwa na furaha, kwa sababu Weldon alikuwa amekufanya mkubwa wa boila kwa kiwanda yake ya sukari nguru. Ulitoa kwa mfuko ile raba ya zamani ya mfuniko, imekwisha, ukasema boila yenyewe ni ya mtumba lakini ina nguvu, mfuniko ina bolti kumi na mbili, na kati ya mfuniko na tangi panataka raba ya mvuke mpya. Ulirudia hilo neno mara mbili, ya mvuke. Nikakuuliza kwani mimi ni kiziwi. Nikakuambia wewe unafundisha samaki kuoga. Watu wakacheka.

Roli mbili zilikuwa zinafanana upana na unene, zimening'inia karibu. Moja ya mvuke, moja ya mafuta. Nikakata ncha ya ile ya kushoto, nikauma, nikawasha kiberiti, nikaichoma mbele yako. Nikafunga macho. Nikavuta moshi polepole kama mtu anaonja mchuzi ya ingokho, kuku ya nyumbani. Nikakaa hivyo mpaka ukaanza kunicheka. Halafu nikafungua macho nikakuambia hii ndiyo, hii mvuke itaipiga mpaka mvuke ichoke.

Natasha alikuwa amesimama kwa mlango wa duka yao ng'ambo, wale wanauza pampu na beringi. Unamjua, yule msichana mrefu alisomea mambo ya mashini huko chuo. Alivuka barabara akatusalimu vizuri, akasema mzee, kwa kitu ya mvuke ni vizuri kuhakikisha. Akasema ukate kipande, ukiweke ndani ya mafuta ya gari kilale humo mpaka kesho. Raba ya mvuke na mafuta hazipatani, itavimba. Raba ya mafuta itakaa vile ilivyo. Ukiona imevimba, umpatie ndugu yako aende nayo. Alisema tu hivyo, bila dharau.

Mimi nikamuuliza kama huko chuo walimfundisha pia kupika raba na nyanya. Nikamwambia wewe mtoto wa makaratasi, nenda uniletee sahani na ugali ya obusuma, hiyo supu ya raba ikiiva tutakula pamoja. Soko lote lilicheka, wewe ulicheka mpaka ukashika ukuta. Yeye aliinamisha kichwa akavuka akarudi kwake. Na wewe ukaviringisha raba yangu, ukaiweka chini ya mkono, ukaondoka unapiga mluzi.

Siku kumi na saba ilikaa kimya. Siku ya kumi na nane ukanipigia simu mchana ukaniambia mfuniko inalia. Ulisema si sauti kubwa, ni kama mtu anavuta hewa kwa meno. Ulisema umeonyesha Weldon, na yeye akasema miwa imejaa uwanjani, mpaka Jumamosi hakuna kuzima moto. Ukaniuliza, kaka, hiyo ni kawaida? Nakumbuka nilikuwa nimeshika chai. Nikakuambia raba mpya inalianga kama mtoto mchanga, ukiikaza inanyamaza. Kaza bolti, nikasema. Na ukikaza ukumbuke wewe si mwanamke. Hata hapo nilikuwa bado natafuta kicheko.

Ukaenda ukakaza. Ikanyamaza. Ulinitumia ujumbe ukasema asante kaka, imenyamaza.

Kesho yake saa nne asubuhi Chrispinus alikuwa anasukuma makapi ya miwa kwa moto kama kila siku. Mimi sikuwa huko, lakini nimeambiwa na watu watano, na kila mmoja nilimrudisha mwanzo mpaka nikajua penye kila mtu alisimama. Wanasema ilianza kulia tena, safari hii sauti nyembamba sana, kama filimbi. Wanasema mbwa wa kiwanda alitoka nje mbio kabla ya mtu yeyote. Wanasema Chrispinus aligeuka kuangalia, alikuwa anasikiliza tu, kichwa upande. Halafu ile raba ikatoka upande wa mlango, na chumba ikawa nyeupe ya mvuke. Wewe ulikuwa hatua sita. Uliingia ndani ya ile nyeupe ukamvuta, ndiyo maana vidole vyako viko vile viko. Alikaa hospitalini siku nne.

Tulimzika kwao Khwisero. Wewe ulikuwa umeshachukuliwa na polisi, kwa hivyo wacha nikuambie vile ilikuwa. Watu walikuwa wengi mpaka wengine walikaa kwa shamba ya maharagwe. Kulikuwa na kilio mbaya, ya muda mrefu sana, na yule mwenye kipaza sauti akaona anahitaji mtu wa kupoza watu kidogo. Akaniita. Akasema tuko na Mzee Masinde wa raba, ndugu ya yule kijana wa boila, lakini tusiweke chuki, aje atusalimie. Nikasimama. Nikawaambia vile Chrispinus alikuja kwetu siku moja akakula ugali ya watu wanne, halafu akauliza chakula iko wapi. Wakacheka, Wanjala. Hata Sellah, mjane wake, alicheka akijifuta na leso. Baadaye alikuja akanishika mkono na mikono yake miwili, akasema asante baba, umenipumzisha. Nilirudi mjini nikiangalia hiyo mkono yangu. Tangu siku hiyo hainipendi.

Halafu tukasikia vile uliandikisha kwa polisi. Walikuuliza raba ya mfuniko ilitoka wapi. Wewe ukawaambia uliinunua kwa mchuuzi wa barabarani, humjui jina, hujamwona tena. Weldon akashika hapo hapo, akasema unaona, mtu wangu aliokota takataka njiani akaniwekea kwa boila. Ukakubali hata hiyo. Kaka yako alikuwa kwa kibanda, mita mia mbili kutoka kituo cha polisi, anakunywa chai, na wewe ukasema mchuuzi.

Miezi tano sijakuuliza kwa nini. Najua kwa nini. Baba alipokufa nilikubeba kwa mgongo kutoka Mautuma mpaka hospitali ukiwa na malaria, na wewe huwa hausahau kitu. Uliona nikiingizwa hapo ndani na miaka yangu hii sitatoka. Na tena, hilo ndilo linanimaliza, unaamini raba ilikuwa sawa. Unaamini kaka yako hawezi kukosea raba. Kwa hivyo umekaa huko usiku na mchana unafikiria kwamba raba ilikuwa nzuri, basi lazima ni mkono wako, ulikaza sana, ulikaza upande moja, ukaikata. Navalayo anasema unakunjanga vidole kama mtu ameshika spana, hata ukiongea na yeye.

Mwezi uliopita nilivuka barabara. Hiyo barabara ina hatua kumi na nne, na ilinichukua asubuhi nzima. Nilimkuta Natasha anapanga beringi. Nikamwambia nimeleta ile supu. Nilikuwa na kipande cha raba kama kidole, kile kilibaki siku ile nikikukatia wewe. Nilikuwa nimekificha ndani ya mkebe wa majani chai, juu ya rafu. Hakunicheka, na hakunikumbusha maneno yangu. Alitafuta chupa ya jamu, akamimina mafuta ya gari, akapima kipande changu na ile rula yao ya chuma, akaandika kwa karatasi, akakizamisha. Pembeni akaweka chupa ya pili na kipande cha raba ya mvuke kutoka kwao, yenye ina maandishi ya kiwanda ubavuni.

Wanjala, sijawahi kuomba Mungu kama nilivyoomba ile raba ivimbe. Nilienda nyumbani nikakosa kula. Beldina akaniuliza kama ni tumbo. Nilikuwa nasema tu kwa roho, vimba. Ikivimba ni ya mvuke, ikiwa ya mvuke mimi sikukosea, ni boila mbovu, ni Weldon, ni shetani, ni mtu yeyote. Asubuhi nilifika kabla hajafungua, nikasimama kwa mlango wao kama mtu wa kuomba kazi.

Ile ya kwao ilikuwa imenona, imekuwa laini, imejikunja kama mdomo wa mtu ameumwa na nyuki. Yangu ilikuwa vile ilivyokuwa. Natasha aliipima mara mbili, halafu akanipatia rula nipime mwenyewe. Haikuongezeka hata unene wa unywele. Akaniambia polepole, kama vile unaambia mtu habari ya msiba, kwamba hii ni raba ya mafuta. Ukiipeleka kwa mvuke itakaa wiki mbili, tatu, inakauka ndani, inakuwa ngumu kama biskuti. Inaanza kulia. Na ikishafika hapo, mtu akiikaza ndiyo inapasuka.

Halafu akaniuliza swali moja, na hakuniuliza kwa ubaya. Alisema, mzee, lakini mimi nilikuona ukichoma siku ile. Raba ya mafuta ikiungua inakata koo, inanuka kama plastiki imeanguka kwa dizeli. Ya mvuke inanuka mshumaa tu umezimwa. Hata mtoto angejua. Sasa pua yako ilikosea aje?

Nikamwambia kitu chenye hata Beldina hajui, na sasa nakuambia wewe. Sina pua, Wanjala. Ilikufa mwaka juzi, ile homa ilinilaza wiki tatu. Nilipona kila kitu kikarudi isipokuwa hiyo. Siku moja nilikuwa nimeketi jikoni na obusuma ilikuwa imeungua mpaka nyumba imejaa moshi, Beldina akaingia akipiga kelele, mimi nilikuwa nimeketi karibu na sufuria natabasamu. Nilimwambia nilikuwa nawaza. Sisikii moshi, sisikii samaki, sisikii choo. Ukinichomea raba na nyama na nywele kwangu ni hewa tu.

Ningeweka chokaa siku hiyo hiyo, ingeisha. Ni roli kumi na kitu tu, ni kazi ya nusu saa. Lakini nikawaza watu watauliza kwa nini Masinde ameanza kuandika. Watajua. Yule alikuwa anagusa pua, ataonekana mzee tu wa kuuza mpira. Kwa hivyo nikaendelea kuchoma, kufunga macho na kuvuta moshi. Nilikuwa nakisia kutoka kwa roli ilining'inia wapi, na mara nyingi nilipatia. Siku mbili kabla uje, mvua ilikuwa imeingia kwa mabati. Niliteremsha roli zote zikauke, halafu nikazirudisha kwa misumari bila kukumbuka kila moja ilikuwa wapi. Siku ile mbele yako nilifunga macho na sikusikia chochote. Nilichagua ile ya kushoto kwa sababu ilikuwa karibu na mkono. Kila mtu alikuwa ananiangalia.

Si mkono wako. Soma hapo tena. Si mkono wako, na si bolti. Ungekaza vizuri, ungekaza vibaya, ungeacha kabisa, ile raba ilikuwa imeshakufa. Ulifanya kazi yako sawa, ulisikia inalia ukauliza mwenye kujua, na mwenye kujua akakudanganya mara mbili.

Kibanda nimefunga tangu siku ile ya chupa. Nimekuwa natembea kwa watu nikirudisha raba zenye niliuza tangu pua ife. Nimepata kumi na moja. Kageha, yule wa hoteli ya maharagwe, alinicheka akasema Mzee wa raba sasa ni mwizi wa raba, lakini nilipotoa ile ya sufuria yake kubwa ya presha ilivunjika kwa mkono wangu vipande vitatu. Kuna zingine sikumbuki nilimuuzia nani. Nikipita kwa kiwanda ama jikoni ya shule nasimama nje kwanza, nasikiliza. Watu wanafikiri nimezeeka kichwa. Nasikiliza kama kuna kitu kinavuta hewa kwa meno.

Jumanne nitakuwa kotini mapema. Nina kile kipande, nina karatasi ya Natasha yenye vipimo, na yeye mwenyewe amekubali kuja aseme. Hakimu akikuuliza, usiseme umekubali makosa. Mwambie raba ilitoka kwa Masinde ndugu yako. Nakujua lakini. Najua saa hii umefunga macho na unajiambia utachana hii karatasi, utasema mchuuzi tena mpaka siku ya mwisho, ili mzee alale kwake.

Hutaweza, mdogo wangu. Niliuliza vizuri kabla sijashika kalamu. Hapo kwenu kila barua inafunguliwa na kusomwa na askari kabla impate mwenyewe. Huyo aliyekupatia hii ameshaisoma yote, mpaka hapa. Kwa hivyo, afande, salamu kwako pia, na samahani kwa mwandiko. Jina ni Masinde, kibanda cha raba ng'ambo ya duka la pampu, mtu yeyote atakuonyesha. Kama utataka kuja kabla ya Jumanne nitakuwa nyumbani, sitaenda popote. Na wewe Wanjala, acha kukunja hivyo vidole. Usinibebe tena. Wameshajua.

Beldina nitamwambia leo jioni, mvua ikikatika. Sellah nitaenda kwake kesho na miguu yangu, na sitamchekesha. Kula chakula yao hata kama ni mbaya, funika kifua, na usalimie wote wenye unalala nao chumba kimoja. Navalayo atakuletea mafuta ya kupaka hiyo mikono. Mama wa mbinguni akuangalie mpaka tuonane mbele ya hakimu, wewe upande wako na mimi upande wangu.

Ni mimi mkubwa wako,
Masinde